Mguu wa Zawena na Kitufe cha Toa

Jamhuri ya Taratibuni haipakani na nchi yoyote ambayo msomaji amewahi kuishi, kwa hiyo asome kwa amani. Mimi nilizaliwa huko, nikasoma chuo huko, nikaajiriwa huko. Nitakayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu kwenye skrini, kwa kiwango ambacho cheo changu kiliniruhusu kuona.

Katika mji mkuu wa Taratibuni kuna Bohari Kuu ya Viungo Bandia. Zamani, aliyehitaji mguu alifika kaunta na barua ya daktari. Mzee Ngwatu, mtunza bohari, aliisoma, akaingia ndani, akautoa mguu rafuni, akaandika kwenye daftari lake kubwa lenye jalada jeusi. Mgonjwa alitia dole gumba na kuondoka akitembea. Shughuli yote ilichukua muda wa chai kupoa.

Serikali ilipogundua jambo hili ilisikitika sana. Mtaalamu aliletwa kuhesabu ngazi za uongozi zinazohusika katika kutoa mguu mmoja. Alihesabu mara mbili akapata ngazi moja tu, tena ilikuwa imevaa ndala.

Ndipo ukaletwa Mfumo.

Mfumo ulikuwa mzuri, na hapa sifanyi mzaha. Kila rafu iliwekewa wavu wa chuma na kufuli la umeme. Kwenye kompyuta ilikuwapo skrini moja yenye majina ya wagonjwa, namba za viungo vyao, na kitufe cha kijani kilichoandikwa TOA. Ukikibonyeza, kufuli linalia kidogo, wavu unafunguka, mguu unatoka. Mzee Ngwatu alifundishwa asubuhi, na kufikia adhuhuri alikuwa anaukemea Mfumo kama mjukuu wake. Katika siku tatu ilitoka miguu kumi na minne na mkono mmoja.

Siku ya nne Naibu Mkurugenzi, Bwana Kabengwa, alishuka bohari kuulizia kalenda ya ukutani. Akaangalia kompyuta ya Mzee Ngwatu. Akashika ukuta.

"Mzee, skrini hii umeipata wapi?"

"Nimewasha tu, mkubwa, ikaja."

"Ikaja! Hivi hivi tu, ikaja! Unajua kwamba mimi, huko juu, ndiyo hii hii ninayoiona?"

"Basi vizuri, mkubwa. Tunaona sawa."

Neno hilo la "sawa" ndilo lililomwangusha. Alirudishwa nyumbani kwa gari akapumzike, na wiki ile ile ukatoka Waraka Namba Tisa: *Kila mtumishi aone kile tu kinacholingana na cheo chake, na asione kinacholingana na cheo cha mwingine.*

*

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Cheo changu kilikuwa Mpangaji wa Skrini Daraja la Tatu. Daraja la Kwanza na la Pili hawakuwapo, lakini viti vyao vilikuwapo, na sikuruhusiwa kuvikalia.

Mkufunzi alitufundisha kwa siku nne, mimi na viti viwili.

"Hapa hakuna kuandika programu," alisema. "Hata herufi moja. Unashika kitu kwa kipanya, unakivuta, unakiacha pale unapotaka mtu akione. Hutaki akione? Unakiburuta nje. Ni rahisi mno. Hata bibi yangu anaweza."

Nilitaka kuuliza kama bibi yake alijulishwa kuhusu nafasi hii, lakini mimi ni mwoga wa kuuliza. Nikaandika tu kwenye daftari: *bibi anaweza*.

Nilianza kwa kuzunguka maofisini nikiuliza kila mtu kazi yake, ili skrini ionyeshe anachokihitaji. Swali hilo liliwaudhi wengi. Bwana Kabengwa alinijibu kwamba yeye hana kazi, ana wadhifa. Wakubwa walitaka pia upana wa kioo cha kompyuta ulingane na cheo, kwa hiyo nilibeba utepe wa kupimia niliouazima kwa mama yangu, ambaye ni fundi cherehani. Nilipima vioo kama mtu anayepima suti. Mhasibu Mkuu alivuta pumzi ndani nilipokuwa napima kompyuta yake.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Bakunda, alinipokea kwa upole mkubwa.

"Mimi sina makuu, binti," alisema. "Niwekee picha yangu. Niwekee saa. Halafu niwekee ile michoro yenye mstari unaopanda."

"Mstari wa nini, Mheshimiwa?"

"Wa kupanda."

"Lakini uhesabu nini? Miguu iliyotolewa? Watu wanaosubiri?"

Alifikiri. "Vyote," akasema. "Ilimradi usishuke."

Nikamwekea. Wanaosubiri ndio waliokuwa wakiongezeka kwa kasi zaidi, hivyo mstari ulipanda vizuri sana, na alinishukuru.

*

Ili msomaji aelewe yaliyofuata, lazima nieleze desturi moja ya Taratibuni ambayo kwingine haipo.

Huko kwetu mkubwa hafanyi jambo kwa mkono wake. Hafungui mlango, hajimiminii maji, habebi mkoba. Vitu ni vyake, ila kuvigusa ni kazi ya wengine. Mkubwa ana kalamu sita mfukoni, na mtu wa kumwandikia.

Basi Mkurugenzi Mkuu, Dokta Lwambano, aliponiita kupanga skrini yake, alinyoosha kidevu kuelekea kile kitufe cha kijani.

"Hicho kinafungua mali ya serikali?"

"Ndiyo, mkubwa. Kinafungua rafu."

"Na yule mzee wa chini anacho?"

"Ndiye anayekitumia, mkubwa."

"Kiondoe kwake. Kikae kwangu peke yangu."

Nilikishika, nikakivuta, nikakiacha. Ilichukua sekunde moja. Chini bohari kitufe kilipotea kwenye kompyuta ya Mzee Ngwatu, na juu kikatokea kwa Mkurugenzi, kikubwa kama sahani. Nimeifikiria sekunde ile mara nyingi. Mkono ulikuwa wangu.

Dokta Lwambano alikitazama kwa furaha. Kisha uso ukabadilika.

"Mbona kinamulika mulika?"

"Kuna watu tisa kaunta, mkubwa. Kinasubiri ubonyeze."

"Nani abonyeze?"

"Wewe, mkubwa."

Alikitazama kidole chake cha shahada kama kimetoa harufu. "Katibu muhtasi wangu atabonyeza."

"Haruhusiwi kuona skrini yako, mkubwa. Ni Waraka Namba Tisa."

"Nani alitia sahihi waraka huo?"

"Wewe, mkubwa."

"Nilifanya vizuri," alisema, na akaniagiza nikipunguzie kumulika.

*

Mama Zawena alifika mwezi Oktoba, akiwa amembeba binti yake mgongoni. Zawena alikuwa na miaka sita na nusu. Mguu wake wa kushoto uliishia chini ya goti tangu ajali ya mashine ya kukobolea, na mguu wake mpya, namba 418, ulikuwa umekwisha kutengenezwa, umekwisha kupimwa, umekaa kwenye rafu ya tatu. Ulionekana kupitia wavu. Fundi alikuwa ameupaka rangi ya kiatu chekundu kwenye ncha, kwa sababu Zawena alimwomba.

"Ule pale!" Zawena alipiga kelele. "Mama, ule pale wangu!"

"Tumeuona, mama. Tulia."

Nilikuwa bohari siku hiyo kupima kioo cha Mzee Ngwatu, ambacho Waraka ulitaka kipunguzwe.

"Barua hii hapa, baba," Mama Zawena alimwambia Mzee Ngwatu. "Januari anaingia darasa la kwanza. Shule iko juu ya kilima, na mwalimu mkuu amesema hana mtu wa kumpandisha."

Mzee Ngwatu alisoma barua, akageuza kompyuta ili mama aone. Skrini ilikuwa na salamu ya asubuhi na ramani ya nchi.

"Nilikuwa na kitufe," alisema. "Kimepandishwa cheo."

"Kitarudi lini?"

Mzee Ngwatu alinitazama. Nilijifanya nasoma namba za utepe.

"Muda si mrefu," nilisema, na niliamini hivyo. Nilidhani nikiandika barua ya maelezo, yenye vichwa vya habari na aya fupi, mtu yeyote mwenye akili atakubali kitufe kishuke.

*

Niliandika barua. Ilirudi ikiwa na maneno ya Bwana Kabengwa kwa wino mwekundu: *Kushusha kitufe ni kushusha hadhi ya aliye nacho. Iundwe Kamati.*

Kamati ya Hadhi ya Vitufe ilikuwa na watu kumi na mmoja. Kikao cha kwanza kilijadili kama iitwe Kamati ya Hadhi ya Vitufe au Kamati ya Vitufe vya Hadhi. Kikao cha pili kilichagua rangi ya jalada la taarifa. Mimi nilihudhuria nikiwa nimesimama, kwa sababu ya vile viti.

Katika kikao cha tatu nilipata ujasiri nikainua mkono.

"Samahani, wakubwa. Kuna mtoto anasubiri mguu. Kukirudisha kitufe ni kazi ya sekunde moja. Nashika tu, navuta..."

"Binti," alisema Dokta Lwambano kwa huruma, "hilo la sekunde moja ndilo linalotutia wasiwasi. Jambo la heshima haliwezi kuwa rahisi hivyo."

Wote waliandika sentensi hiyo, au waliwaashiria wa kuwaandikia.

Januari ilipita. Mama Zawena alianza kumpandisha binti yake kilimani mgongoni kila asubuhi, na kumfuata mchana. Alikuja bohari kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa Machi Zawena aliniambia kwamba shuleni wamempa jina.

"Jina gani?"

"Mzigo." Alilisema kama mtu anayetaja kabila lake. "Wanasema, Mzigo umeshafika, mama Mzigo anatoka jasho. Lakini mimi nikipata kiatu changu chekundu nitamkimbiza Haruba wa darasani kwetu mpaka bondeni. Nimeshamwambia ajiandae."

Nilirudi ofisini nikalia kidogo chooni, kisha nikaandika barua nyingine. Niliweka na picha ya kilima.

Kamati ilitoa taarifa yake baada ya mwaka mmoja na mwezi mmoja. Waliamua kwamba hakuna atakayenyimwa. Mkurugenzi Mkuu apewe kitufe cha dhahabu, Naibu cha fedha, wakuu wa vitengo cha shaba, kila kimoja kikiwa na nembo ya taifa. Ili miguu isitoke ovyo, rafu zitafunguka tu vikibonyezwa vyote kwa pamoja, siku moja, saa moja, na wenye vitufe wenyewe. Mzee Ngwatu naye asisahauliwe. Apewe Kitufe cha Kutazamia.

Niliviweka vyote. Kuvuta na kuacha, kuvuta na kuacha, alasiri nzima.

Mama Zawena alipokuja tena, Mzee Ngwatu alipangusa mikono kwenye koti lake akakibonyeza kitufe chake kipya mbele yake. Kilibonyea kweli. Maandishi yakatokea: *Asante kwa kuonyesha nia.*

Akabonyeza tena. *Asante kwa kuonyesha nia.*

"Kinasemaje, baba?" aliuliza Mama Zawena, ambaye hasomi maandishi madogo.

"Kinatusalimia," alisema Mzee Ngwatu.

Mama Zawena alimtua binti kwenye kaunta, akanyoosha mgongo kwa shida, akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Dada, hivi kuna mtu ameniambia wewe ndiye unayepanga hizo skrini. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Unapanga kwa mkono huo huo?"

"Ndiyo."

"Basi mimi sijui kompyuta, nisamehe. Nilidhani ni kitu kigumu."

*

Nilichukua hatua siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, wakati wakubwa wote wako ukumbini wakipokea vyeti vya kukamilisha Kamati. Ilikuwa Juni, mwaka mmoja na miezi minane tangu ile Oktoba. Niliangusha kipanya mara mbili. Kisha nikakishika kile kitufe cha kijani cha zamani, kilichokuwa kimetupwa pembeni ya Mfumo kama kiatu kibovu, nikakivuta hadi kwa Mzee Ngwatu, nikakiacha.

Nilishuka ngazi mbio. Mama Zawena alikuwa pale, nilimwita mwenyewe.

"Mzee, washa!"

"Nimewasha. Kimerudi!" Hakupangusa mikono safari hii. Alibonyeza. Kufuli lililia kidogo, wavu wa rafu ya tatu ukafunguka, na mguu namba 418 ukatoka na vumbi lake. Mzee Ngwatu aliupangusa kwa mkono wa shati na kuuweka mbele ya Zawena.

Zawena alikuwa na miaka minane na zaidi. Alikuwa darasa la pili.

Aliingiza kigutu chake, akakunja uso, akasukuma. "Unabana."

"Sukuma taratibu, mama."

"Umeingia. Unauma, lakini umeingia." Akashuka kwenye benchi akasimama.

Alisimama amelalia kushoto. Mguu ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Kiatu chekundu kiligusa sakafu, na bega lake likashuka kama nguo iliyotundikwa na mtu mwenye haraka. Zawena alikitazama kiatu chake, akatutazama mmoja mmoja, akingoja mkubwa yeyote amwambie kwamba ndivyo inavyokuwa mwanzoni.

Mzee Ngwatu aliingia ndani akatoka na lile daftari lake la zamani lenye jalada jeusi. Lilikuwa nene kwa vidole viwili kamili. Alipiga goti, akaliweka chini ya kiatu chekundu.

Zawena akanyooka. Akasimama wima, mabega sawa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani.

"Mama," alisema, "naona juu ya kaunta."

Ndipo mlango ukafunguliwa, na aliyeufungua hakuwa mkubwa, ila nyuma yake walikuwapo wakubwa wote na mpiga picha. Mfumo ulikuwa umetoa taarifa ukumbini kwamba mguu umetoka. Nilidhani naenda kufungwa. Lakini Mheshimiwa Bakunda alimwona mtoto amesimama, akafungua mikono.

"Taratibuni oyee! Huu ndio Mfumo! Piga picha!"

"Mheshimiwa," nilisema, "chini ya mguu kuna..."

"Kuanzia kiunoni kwenda juu," Bwana Kabengwa alimwambia mpiga picha.

Picha ikapigwa. Mheshimiwa aliweka mkono begani kwa Zawena na kuuliza kama ana furaha. Zawena alisema mguu unabana. Mheshimiwa akasema hayo ni maumivu ya maendeleo. Kompyuta ya Mzee Ngwatu ikauliza: *Je, kifaa kimemfaa mteja?* Chini yake palikuwa na jibu moja tu, NDIYO. Jibu la HAPANA liliwahi kuwapo. Mheshimiwa aliniomba niliondoe kwenye skrini yake kwa sababu lilikuwa likimharibia siku, na kwa mujibu wa Waraka, asichokiona Waziri hakiwezi kuonwa na mtunza bohari.

Mmoja wa wasaidizi alibonyeza kwa niaba ya wote.

*

Adhabu yangu ilikuwa ya heshima. Hawakunifukuza. Walinipangia skrini inayolingana na kosa langu, na Bwana Kabengwa alimtangazia kila mtu kwa furaha alipogundua kwamba kuvuta na kuacha anaweza hata yeye, akiwa na mtu wa kushika kipanya. Sasa nikiwasha kompyuta naona picha ya Zawena kuanzia kiunoni kwenda juu, na kitufe kimoja: NIMEELEWA. Nabonyeza kila asubuhi. Nasikia picha hiyo imewekwa kwa wote, kuanzia Waziri hadi mlinzi wa geti. Ndicho kitu pekee katika nchi yetu ambacho wote wanakiona sawa, na Bwana Kabengwa hajaanguka.

Kitufe cha kijani hakipo tena popote.

Mama Zawena alirudi mwezi huu kuomba mguu mwingine. Kule mapokezi walitazama, wakamwonyesha kwa adabu: mteja huyu ameshapata, mteja huyu amesema ndiyo. Mwenye mguu unaomfaa hawezi kuombewa mguu. Basi akashuka bohari na mtoto mgongoni, kama zamani, ila sasa mguu mzima wa mtoto unamfikia magotini.

Mzee Ngwatu hakuigusa kompyuta. Alifungua daftari la jalada jeusi, lenye alama ya kiatu kidogo juu yake, akatafuta ukurasa mtupu, akachonga penseli.

"Yule fundi bado yupo," alisema. "Ana mbao zake nyumbani. Hajui Waraka hata mmoja. Mwanangu Tumsifu, ule utepe wa mama yako unao?"

Ninao. Nilikuwa sijaurudisha. Nilipiga goti sakafuni na kuukunjua, utepe uliopima kioo cha Waziri na vya wakurugenzi wote, lakini macho yalinisumbua, nikawa sizioni namba.

"Simama wima, Zawena," nilisema. "Nisije nikakosea."

Alishika kaunta kwa mikono miwili, akanyoosha mguu wake mzima.

"Nimesimama," alisema. "Pima haraka basi, dada. Nakua."